Upasuaji wa nyonga: Nusu ya matibabu hufanyika nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Safu ya Afya

Mama ameteleza akitoka bafuni usiku. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na gari. Ameanguka akiwa amesimama tu. Lakini ameshindwa kuinuka. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Jamaa wanachanga pesa, anafikishwa hospitalini, anapigwa eksirei na kufanyiwa upasuaji. Siku chache baadaye anaruhusiwa kurudi nyumbani, na familia nzima inashusha pumzi: yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kwa mapenzi ya dhati, watoto wanamwambia, "Mama, pumzika, usijisumbue." Maji analetewa kitandani, chakula analetewa kitandani, haja anawekewa beseni. Kufikia wiki ya tatu misuli ya mapaja imenywea, kifua kimejaa makohozi na kidonda kimeanza kuchimbika mgongoni. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini mama hasimami tena.

Hali kama hii huzuilika. Makala haya yanaeleza yanayotokea baada ya upasuaji wa nyonga kwa mtu mwenye umri mkubwa, na yale ambayo familia inaweza kufanya ili mzee arudi kwenye miguu yake.

Daktari amefanya nini?

Nyonga ni kiungo kinachouunganisha mguu na kiwiliwili. Kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama mpira, huzunguka ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa kiuno. Chini kidogo ya kichwa hicho kuna shingo ya mfupa, na hapo ndipo wazee wengi huvunjika. Mifupa hupungua uzito kadiri umri unavyosonga, hasa kwa wanawake baada ya kukoma hedhi, hadi kuanguka kidogo kukatosha kuuvunja.

Kwa kawaida daktari wa mifupa huchagua njia mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kuunga mfupa uliovunjika kwa skrubu, bamba au fimbo ya chuma inayopita ndani ya mfupa. Ya pili ni kuondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha bandia, na wakati mwingine kubadilisha kikombe pia. Njia hii ya pili hutumiwa pia kwa watu ambao hawakuvunjika, ila nyonga zao zimelika kwa baridi yabisi.

Kabla ya kutoka hospitalini, ulizeni mzee amefanyiwa ipi. Jibu hilo ndilo litakaloonyesha anaruhusiwa kuukanyagia mguu kwa uzito kiasi gani, na ni mikao gani aiepuke.

Kwa nini asimamishwe mapema

Watu wengi hushangaa wauguzi wanapomwinua mzee kitandani kesho yake tu baada ya upasuaji. Huo si ukatili. Chuma au nyonga ya bandia huwekwa kwa kusudi hilohilo: mgonjwa asimame kabla kitanda hakijamdhuru.

Mtu mzima anayelala siku nzima hupoteza nguvu za misuli upesi, na mzee hupoteza upesi zaidi. Damu inayokaa bila mwendo miguuni huweza kuganda. Mapafu yasiyopanuka hupata nimonia. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro huoza. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 5, au hata zaidi, hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga. Wengi wao hawauawi na mfupa wenyewe, bali na maradhi mengine waliyokuwa nayo na madhara ya kulala muda mrefu.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mzee kila asubuhi si "Umepumzika?" bali "Leo tutatembea mpaka wapi?"

Safari ya kupona, hatua kwa hatua

Kila mgonjwa ana mwendo wake, lakini kwa kawaida mambo huenda hivi:

*Siku za kwanza.* Kukaa kwenye kiti, kusimama kwa msaada na kupiga hatua chache kwa fremu, ile ya chuma yenye miguu minne. Akiwa kitandani, achezeshe nyayo juu na chini mara kumi kila saa akiwa macho, ili damu itembee. Avute pumzi ndefu na kukohoa makohozi.

*Wiki ya 2.* Nyuzi au pini za kidonda hutolewa, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 14. Hadi hapo kidonda kiwe kikavu. Kisipakwe mafuta, majivu wala dawa ya miti.

*Wiki ya 2 hadi ya 6.* Anatembea ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, kila safari fupi. Anaanza kuoga na kuvaa mwenyewe akiwa ameketi.

*Wiki ya 6 hadi ya 12.* Hurudi kliniki, na penye haja hupigwa eksirei nyingine. Mfupa uliovunjika huhitaji takriban miezi 3 kuunga. Wengi huacha fremu na kushika fimbo.

*Hadi mwaka mmoja.* Nguvu na uthabiti huendelea kurudi polepole. Anayechechemea mwezi wa 4 asikate tamaa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Akiwa amelala, akaze misuli ya paja kwa kulisukuma goti chini kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Akaze makalio, aachie. Akiwa amesimama na kushika meza nzito, auinue mguu kwenda pembeni na kuurudisha taratibu. Baadaye afanye zoezi la kuinuka kitini na kuketi tena, mara tano, kisha kumi. Mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali ndiye atakayesema lipi lianze lini. Mwombeni amfundishe pia mtu mmoja wa nyumbani.

Mikao ya kuepuka

Aliyewekewa nyonga ya bandia huweza kuteguka katika wiki za mwanzo, kabla nyama zinazoizunguka hazijashikana. Madaktari wengi humwekea masharti ya wiki 6 hadi 12. Masharti hutegemea upande daktari alikopitia, kwa hiyo yake mzee ndiyo ya kufuatwa. Yale ya kawaida ni haya matatu:

1. Asikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisiwe juu kuliko kiuno.
2. Asipishanishe miguu, akiwa ameketi au amelala.
3. Asiuzungushe mguu uliopasuliwa kuelekea ndani, kwa mfano kwa kugeuza mwili ghafla huku wayo umebaki palepale.

Kwa maneno ni mepesi, lakini tazama maisha ya nyumbani kwetu. Kigoda cha jikoni ni kifupi. Mbuzi ya kukunia nazi ni fupi zaidi. Kuketi mkekani, kuchuchumaa chooni, kuinama kuokota kijiko au kuvuta shuka iliyo miguuni, yote hayo huvunja sharti la kwanza. Mama aliyezoea kupika kwa jiko la chini apandishiwe jiko juu ya meza imara, au apumzishwe upishi na apewe kazi ya kukaa kitini kama kuchambua mboga. Anayeswali aswali akiwa kwenye kiti hadi daktari amruhusu kusujudu. Viatu viwe vya kuvaa bila kuinama na vyenye kushika kisigino. Ndara si salama.

Akilala chali au ubavu, mto uwekwe katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Kuhusu tendo la ndoa, wanandoa wasione haya kumuuliza daktari. Wengi huruhusiwa baada ya wiki kadhaa, kwa mikao isiyokunja nyonga.

Aliyeungwa kwa skrubu au fimbo ya chuma huenda asipewe masharti haya, lakini yeye huweza kuambiwa asiukanyagie mguu kwa uzito wote kwa muda fulani.

Tayarisheni nyumba kabla hajarudi

Mzee akiwa bado wodini, mtu mmoja apite nyumbani akitazama kwa macho ya mtu anayetembea na fremu.

*Choo.* Hiki ndicho kikwazo kikubwa, hasa penye choo cha shimo. Seremala anaweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo. Kiwe na mikono ya kushikia na kisiyumbe. Mlango uwe mpana kiasi cha fremu kupita. Usiku, chombo kiwekwe chini ya kiti kama hicho chumbani, ili asitoke gizani.

*Kitanda na kiti.* Akiketi ukingoni, nyayo zifike chini na kiuno kiwe juu kidogo ya magoti. Kitanda kifupi kiinuliwe kwa vipande vya mbao vilivyochongwa mashimo ya kuingiza miguu yake, si kwa matofali yaliyopangwa hivihivi. Kochi laini linalommeza mtu halifai. Afadhali kiti kigumu chenye mikono.

*Sakafu.* Ondoeni vijizulia, mikeka, nyaya na vyombo njiani. Maji yakimwagika yafutwe papo hapo. Kuku na watoto wachanga wasimzunguke anapotembea.

*Mwanga.* Taa au tochi iwe mahali anapoweza kuifikia bila kuinuka.

*Bafu.* Aoge ameketi kwenye kiti kisichoteleza, ndoo ikiwa juu ya kiti kingine ili asiinamie. Ukutani pafungwe kishikio cha chuma au mbao.

Mwenda pole hajikwai

Wengi hushika fimbo upande wa mguu unaouma. Hilo ni kosa. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili. Aliyepasuliwa mguu wa kulia ashike fimbo kwa mkono wa kushoto, na fimbo isogee pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima huku mkono umelegea. Kagueni mpira ulio chini ya fimbo au fremu. Ukilika, hutelezea kwenye saruji yenye maji.

Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Kwenye gari, akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma. Aketi kwanza akigeuzia gari mgongo, kisha ageuke pole huku akiingiza miguu yote miwili. Bodaboda ni mwiko hadi daktari aseme. Safari ikiwa ndefu, simameni kila saa moja au mbili anyooshe miguu.

Maumivu, dawa na chakula

Mzee anayeumwa sana hatatembea. Dawa ya maumivu anywe kwa saa zilizoandikwa, asingoje mpaka azidiwe, na nusu saa hivi kabla ya mazoezi ni wakati mzuri. Msimnunulie diklofenaki au ibuprofeni dukani bila ushauri. Dawa hizo huweza kumdhuru mzee tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo. Maji ya kutosha, mboga za majani, mapapai na kutembea husaidia.

Wengi hupewa sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa takriban wiki 4 hadi 5. Msizikatize kwa sababu mzee "anaonekana amepona." Dawa zake za zamani, za presha au kisukari, ziendelee kama daktari alivyoelekeza.

Uji mtupu haujengi misuli. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kunde, mayai, samaki, maziwa au nyama. Omena na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao huleta pia madini ya kujenga mifupa. Aketi nje juani kila siku kwa muda mfupi, kwani ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua. Akiwa hana hamu ya chakula, apewe kidogokidogo mara tano au sita kwa siku.

Mzee akianza kuweweseka

Usiku wa pili baada ya upasuaji, mzee aliyekuwa na akili timamu anaanza kuwaita watu waliokwisha kufa, hamtambui mwanawe, anataka kung'oa mpira wa maji mkononi. Wengine husema ni majini, wengine wanataja kurogwa.

Hali hii hutokea kwa wazee wengi baada ya upasuaji wa nyonga. Huletwa na homa, upungufu wa maji mwilini, maumivu, dawa fulani, kufunga choo, kushindwa kukojoa au kukosa usingizi. Mwambieni muuguzi au daktari mara moja ili chanzo kitafutwe. Nyinyi mvalisheni miwani yake, mwekeeni kifaa chake cha masikio kama anacho, mwambieni leo ni siku gani na yuko wapi, na mtu anayemzoea akae naye. Msimfunge kitandani wala kumkaripia. Wengi hurudi katika hali yao kwa siku chache, ingawa wengine huchukua wiki kadhaa.

Mguu ukivimba, usiukande

Mguu kuvimba kiasi baada ya upasuaji ni kawaida. Lakini uvimbe unaoongezeka, hasa kwenye misuli ya nyuma ya mguu chini ya goti, ukiwa na joto na maumivu, huweza kuwa damu iliyoganda. Kuukanda kwa mafuta au maji moto huweza kulisukuma donge hilo hadi mapafuni na kumuua mtu kwa dakika chache. Vivyo hivyo, mkandaji asijaribu "kunyoosha" nyonga iliyopasuliwa.

Mrudisheni hospitalini mara moja mkiona:

- anashindwa kupumua ghafla, kifua kinamchoma au anakohoa damu;
- mguu unavimba na kuuma zaidi kila siku;
- kidonda kinatoa usaha au harufu, kinafunguka au kinawaka moto;
- homa au baridi kali;
- maumivu makali ya ghafla ya nyonga, na mguu kuonekana mfupi au umepinda;
- ameanguka tena, hata kama anasema hajaumia;
- ngozi ya mgongo, makalio au visigino inabadilika rangi au kuchubuka.

Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, wakati juhudi za kumsimamisha zikiendelea.

Asivunjike mara ya pili

Aliyevunjika nyonga moja yuko katika hatari ya kuvunjika tena. Akirudi kliniki, ulizeni kuhusu dawa za kuimarisha mifupa, kwani kuunga mfupa mmoja hakutibu iliyobaki. Ombeni dawa zake zote zipitiwe. Zile za usingizi na baadhi za presha huleta kizunguzungu. Macho yapimwe. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama.

Jambo jingine ni hofu. Mzee aliyeanguka huogopa kuanguka tena, hujizuia kutembea, misuli hulegea, na kwa kulegea huko huanguka kweli. Msimcheke na msimharakishe. Tembeeni naye, mkisimama kando kidogo nyuma yake, hadi imani irudi.

Gharama na msaada

Hakikisheni mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, na kwamba mchango wake umelipwa. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya. Msingoje ajali. Kabla ya upasuaji, ulizeni katika dawati la SHA la hospitali mambo matatu: je, idhini ya upasuaji imepatikana? Je, chuma au nyonga ya bandia imo katika malipo, au familia itaongeza? Na je, huduma ya tiba ya viungo baada ya kutoka italipiwaje?

Mjulisheni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wenu siku mzee anaporudi. Anaweza kumtembelea, kumpima shinikizo la damu, kutazama hali yake na kumwelekeza kwenye zahanati au kituo cha afya penye haja. Anayebaki na ulemavu wa kudumu anaweza kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia pia kwa vifaa vya kutembelea.

Mwisho, gawaneni kazi. Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja au mkaza mwana mmoja, na akichoka, mazoezi ndiyo huachwa kwanza. Andikeni kwenye karatasi: nani anampeleka kliniki na tarehe gani, nani anasimamia dawa, nani anatembea naye asubuhi, nani jioni. Ibandikeni ukutani karibu na kitanda. Kisha mpeni mzee mkono, ainuke.